Kiko kikavu hakitakiwi kulia

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wanaoanza kuvuta kiko ilisema, kwa kupitia tu, kwamba kiko kizuri hujulikana kwa sauti yake ya kububujika. Mwandishi amechanganya viko viwili. Kiko cha wazee wetu kilikuwa cha maji. Juu kulikuwa na bori ya udongo, ndimo mlimotiwa tumbaku na kaa la moto. Digali lilishuka kutoka kwenye bori hadi ndani ya kifuu au kibuyu chenye maji, na shilamu ikatoka hapo kwenda kinywani. Kifuu kile ndicho hasa kilichoitwa kiko, na ile sauti ya maji ndiyo malio. Kiko cha namna hiyo kisipolia, ujue maji yamekwisha. Wanachonunua vijana siku hizi ni kiko kikavu, kisicho na tone la maji, na kiko kikavu kikilia pana kosa: la aliyekitoboa au la anayekivuta.

Kwa kuwa Kiswahili kilishatupa majina, nitayatumia hayo hayo badala ya kuyatafuta kwingine. Bori ni kile kichungu cha tumbaku. Digali ni shingo inayotoka kwenye bori. Shilamu ni kipande cha mwisho kinachoshikwa kwa meno.

Malio yanatoka wapi? Tumbaku ikiungua hutoa mvuke. Mvuke ukifika kwenye digali, ambako hakuna joto la ndani ya bori, hugeuka maji kama jasho la mfuniko wa sufuria ya wali. Maji kidogo si neno, mti huyanywa. Yakizidi hutuama mahali pamoja, na kila ukivuta, hewa hupita katikati yake ikibubujika. Ni maji machungu, yamejaa nikotini na masizi, na yakikufikia ulimini utatema mate mchana kutwa. Huzidi kwa sababu tatu: tundu limetobolewa vibaya, tumbaku ina unyevu mno, au mvutaji ana haraka. Mbili za mwisho mtu anaweza kujifunza kuziepuka. Ya kwanza haina dawa ukishalipa, ndiyo maana barua hii itakaa zaidi dukani kuliko barazani.

Kwanza lakini la afya, lisije likaachwa kama mlivyoliacha ninyi. Asiyevuta chochote asianze, na kiko si dawa ya sigara. Moshi wa kiko hauvutwi hadi mapafuni. Huzungushwa mdomoni ukatolewa, na kwa ajili hiyo wengi hudhani hauna madhara. Nikotini yake hupenya papo hapo kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, maana moshi wa tumbaku nyingi za kiko, hasa zile zilizokaushwa kwa hewa, una ualkali unaoisaidia kupenya. Saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo humpata mvuta kiko. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964 tayari ilikihusisha kiko na saratani ya midomo. Aliyetoka kwenye sigara yuko hatarini zaidi, kwani mazoea humfanya aumeze moshi bila kujijua. Sheria nazo hazikibagui kiko: ile ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zote zinakataza kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 18. Basi ninayemwandikia ni mtu mzima aliyekwisha kuamua.

Mtu huyo akiuliza anunue kiko gani cha kwanza, jibu langu ni gunzi. Najua wengi watacheka. Kiko cha gunzi la mahindi kinaonekana kama mchezo wa watoto wa shambani, lakini mjini Washington, katika jimbo la Missouri huko Marekani, kampuni ya Missouri Meerschaum inavitengeneza tangu 1869. Mwanzilishi wake, Henry Tibbe, alikuwa fundi kerezo mhamiaji kutoka Uholanzi, na mwaka 1878 alipata hataza ya kupaka plasta ya jasi nje ya gunzi ili vitundu vyake vizibe na bori isiungue. Gunzi lenyewe si hili tunalolitupia ng'ombe. Ni la mahindi ya mbegu maalumu yenye gunzi nene na gumu, na huwekwa likauke kwa muda mrefu kabla halijashikwa na fundi. Anayetaka kujitengenezea kwa gunzi la jikoni atavuta mara mbili tatu, kisha moto utatokea ubavuni.

Faida ya gunzi kwa anayejifunza ni kwamba linanyonya maji kuliko mti wowote, halihitaji kuzoeshwa, na ni la bei ndogo kuliko viko vyote vya maana, hivyo makosa ya mwanzo hayaumizi mfuko. Lina kasoro moja ya kujua mapema. Digali lake ni kijiti cha mbao kilichochomekwa ubavuni, na ncha yake hutokeza ndani ya bori karibu na sakafu. Ukivuta hadi chembe ya mwisho, ncha ile itashika moto na ladha ya mbao iliyoungua itakuandama. Acha tumbaku ya chini kabisa, kiasi cha milimita 5, usiifukuzie. Baada ya kuvuta mara nyingi, majivu na masizi hujaza nafasi iliyo chini ya ncha ile na tatizo hupungua lenyewe.

Kiko cha mti ndicho kinachotamaniwa na wengi, na mti wenyewe ni braya, Erica arborea kwa jina la wataalamu, unaoota kuizunguka bahari ya Mediterania. Ni jamaa wa ile miti ya Erica iliyofunikwa na kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu katika ukanda wa juu wa Kilimanjaro, ingawa hiyo ya kwetu imo ndani ya hifadhi na haikatwi. Kinachotumika si shina wala tawi. Ni kile kinundu kinachovimba kati ya shina na mizizi: kizito, nyuzi zake zimesokotana kila upande, hakikubali moto kirahisi. Hukatwa vipande, vikachemshwa kwa saa nyingi ili utomvu na ukali utoke, kisha vikaanikwa kivulini kwa miezi au miaka. Mji wa Saint-Claude katika milima ya Jura, Ufaransa, umejulikana kwa viko vya braya tangu katikati ya karne ya 19. Kiko cha braya kinachofaa kuanzia si lazima kiwe cha jina kubwa. Vidoa vidogo vya lakiri ya kuzibia matundu ya mti kwa nje havipunguzi uvutaji. Vinapunguza bei tu, na hiyo ni heri kwako.

Sasa niseme kuhusu vile vinavyouzwa kwenye maduka ya vinyago. Kiko cha mpingo kilichochongwa kichwa cha Mmasai ni kizuri juu ya kabati. Mpingo ni mzito, hauna nafasi ya kunywa maji, hupata moto upesi, na mafuta yake huwawasha baadhi ya watu hata kwa vumbi tu. Cha jiwe la Kisii ndicho kibaya zaidi: jiwe lile hushika joto kama kikaango na bori haishikiki baada ya dakika kumi. Vingi kati ya hivi vimepakwa vanishi hadi ndani, na vanishi ikiungua unavuta rangi. Chungulia ndani ya bori kabla ya kuuliza bei. Pakiwa peusi pasipong'aa, hiyo ni rangi ya mkaa ambayo baadhi ya viwanda hupaka ili kuilinda bori mpya, haina neno. Paking'aa kama kiatu, kirudishe rafuni.

Ukishakishika kiko mkononi, kipime. Chukua kijiti cha kusafishia, yaani ule waya mwembamba uliovishwa nyuzi za pamba. Muuza viko asiye navyo, mtilie shaka. Kipitishe kwenye shilamu bila kuichomoa. Kinatakiwa kipite bila kulazimishwa na kutokeza ndani ya bori usawa wa sakafu yake. Kikitokeza milimita 4 au 5 juu ya sakafu, tumbaku ya chini ya tundu haitaungua kamwe. Itabaki imelowa, na kila ukivuta itachangia maji. Tundu likiwa chini mno, limechimbwa kama mfereji sakafuni, sakafu hapo ni nyembamba na siku moja itatoboka.

Kisha chomoa shilamu, kiko kikiwa baridi. Mwisho wake una ulimi mwembamba unaoingia katika tundu la digali. Shika njiti ya kibiriti, iingize kwenye tundu hilo hadi igote, weka ukucha pale ilipoishia, halafu ulinganishe na urefu wa ulimi. Vinatakiwa vitoshane. Pakibaki nafasi ya milimita 2 au 3 baina ya ncha ya ulimi na mwisho wa tundu, hicho ndicho kisima chenyewe. Hapo ndipo mvuke unapopanuka, unapoa na kutuama, na malio yatakufuata hata uvute kwa ustadi gani. Kipimo hiki hakichukui nusu dakika, na sijui kwa nini wanunuzi wengi wanaona haya kukifanya. Muuzaji hachukii, anayechukia anajua kilichomo. (Viko vilivyotengenezwa kwa ajili ya chujio huachwa na nafasi makusudi, sita au tisa milimita kwa upana, na ukivivuta bila chujio lake ni lazima vilie. Chujio hunywa maji tu. Halikifanyi kiko kuwa salama.)

Njiti hiyo hiyo ipime bori. Itie ndani hadi sakafuni, weka alama, kisha iweke ubavuni kwa nje uone sakafu ina unene gani: milimita 6 au zaidi. Ukuta nao uupime kwa kidole gumba na cha shahada, usipungue kiasi hicho, la sivyo utakiweka kiko chini kila mara kwa joto. Kwa anayeanza, upana wa ndani wa milimita 18 hadi 20 na kina cha 35 hivi vinatosha. Bori pana sana ina tumbaku nyingi kuliko anavyoweza kuitunza moto, na nyembamba sana humwadhibu anayeshindilia vibaya. Mwisho, vuta hewa kiko kikiwa kitupu. Hewa ipite laini, isipige mluzi. Mluzi ni dalili ya tundu jembamba au kona kali ndani, na penye kona maji hukaa.

Umbo? Kilichonyooka ndicho rahisi kutoboa sawasawa, ndicho rahisi kusafisha. Kilichopinda kinaning'inia vizuri kwenye meno, mikono ikabaki huru, lakini maji hayana pa kukimbilia ila chini ya mpindo. Ukikitaka kilichopinda, chagua cha mpindo mdogo ambacho kijiti cha kusafishia kinapita bila kuchomoa kitu. Uzito uwe gramu 30 hadi 50. Shilamu ya ebonaiti, yaani mpira ulioshupazwa, ni laini kwa meno, ila jua huigeuza rangi ya kijani-kahawia na ladha ya salfa. Ya akriliki haibadiliki, lakini ni ngumu na anayeuma sana ataisikia taya.

Vifaa vingine ni vichache. Kishindilio, ambacho hata msumari mnene wenye kichwa bapa waweza kukifanyia kazi. Vijiti vya kusafishia, pakiti nzima. Kibiriti cha njiti au cha gesi. Kiberiti cha petroli huacha harufu, na kile cha gesi chenye ulimi mkali wa buluu kitaunguza ukingo wa bori siku ya kwanza.

Tumbaku sasa. Usijaze kiko tumbaku ya sigara. Imekatwa nyembamba kama nywele, inawaka upesi na kwa joto kali. Ugoro ni wa puani. Majani ya msokoto wa sokoni, yasiyochachushwa wala kupumzishwa, ni makali mno kwa anayeanza. Tumbaku ya kiko ni mchanganyiko, na wakulima wetu watazitambua aina zake kwa namna zinavyokaushwa. Ya mvuke, kama ile ya Tabora na Urambo, ina sukari nyingi na ni tamu, lakini ndiyo inayounguza ulimi wa mwenye haraka. Ya hewa, inayolimwa sana Malawi, haina sukari, ina ladha ya karanga, huungua polepole. Ya moshi, kama ile ya Songea na Namtumbo, ina harufu ya jiko la kuni na nguvu ya nikotini. Mwanzo mzuri ni mchanganyiko ambao msingi wake ni ya hewa. Zile zinazonukia vanila au cheri humvutia kila mtu aliye karibu isipokuwa mvutaji mwenyewe: mara nyingi hutiwa propilini glaikoli ili zisikauke koponi, na kwa hiyo huja zimelowa na hubaki zimelowa.

Unyevu huu ndio sababu ya pili ya malio, na kopo jipya karibu kila mara lina unyevu kuzidi. Toa kiasi cha bori moja, gramu 2 hadi 3, uitandaze kwenye karatasi. Dodoma au Arusha wakati wa kiangazi, dakika 20 zaweza kutosha. Tanga au Mombasa wakati wa masika, hata saa moja haitoshi. Usifuate saa, fuata vidole. Bana kidogo kwa nguvu, kisha achia. Ikibaki tonge, bado. Ikivunjika kwa sauti, imepita, na itakuwa kali na ya moto. Ikifunguka yenyewe polepole, kama sifongo uliyoikamua, tia kwenye kiko. Iliyobaki ihifadhi katika chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mbali na jua. Pwani ukiiacha wazi itaota ukungu, na ikishaota usiikwangue, tupa yote.

Kujaza kuna hatua tatu. Mimina tumbaku ijae bori bila kuikandamiza, kisha ishindilie kidogo tu hadi ishuke nusu. Jaza tena, shindilia kwa nguvu zaidi kidogo, ishuke theluthi moja. Jaza mara ya tatu hadi ichungulie juu ya ukingo, shindilia iwe chini kidogo ya ukingo. Wavutaji wa siku nyingi husema mkono wa mtoto kwanza, wa mwanamke wa pili, wa mwanamume wa mwisho. Mimi hupendelea kipimo cha mrija: vuta kabla ya kuwasha. Ikiwa kama kunywa soda kwa mrija, umepatia. Ikiwa kama kunywa uji mzito kwa mrija huo huo, mwaga uanze upya. Huwezi kuifungua kwa kuchokoa. Ukichokoa unafungua njia moja ya katikati, na moto utapita humo ukaacha pembeni pote.

Washa njiti, subiri kichwa chake kiungue kiishe, kisha uzungushe moto juu ya tumbaku yote huku ukivuta pumzi fupi nne au tano. Tumbaku itaumuka kama andazi kwenye mafuta. Iache izime. Ishindilie tena iwe tambarare, kwa uzito wa kishindilio chenyewe tu, halafu washa mara ya pili. Huu wa pili ndio moto wa kuvutia. Wanaoanza huruka hatua ya kwanza, kisha wanalalamika kwamba kiko kinawaka upande mmoja.

Kuanzia hapo kazi ni kutokuwa na haraka. Bori ya ukubwa niliotaja huchukua dakika 40 hadi saa nzima. Moshi mwingi si sifa. Vuta kidogo kama mtu anayeonja chai ya moto. Kipimo kiko kwenye shavu: weka ubavu wa bori shavuni, na kama huwezi kuuacha hapo, kiweke kiko mezani dakika moja au mbili. Kikizima kimezima, hakuna aibu; kukiwasha tena mara tatu nne ni kawaida hata kwa mzee wa kazi hii. Ulimi ukianza kuwaka kama uliolamba pilipili, si tumbaku kali, ni mvuke wa moto. Acha siku hiyo. Na malio yakianza katikati, usinyonye kwa nguvu kuyashinda. Pitisha kijiti cha kusafishia kwenye shilamu hadi kifike sakafu ya bori, kihesabie hadi kumi, kitoe, endelea. Kijiti kitatoka cha kahawia. Hayo ndiyo uliyokuwa unayasikia.

Usichomoe shilamu kiko kikiwa cha moto. Mti na shilamu hupanuka kwa viwango tofauti, na digali likipasuka kwenye mdomo wa tundu lake halishikani tena. Kosa hili pekee ndilo linalovunja viko vingi vya mwaka wa kwanza, likifuatiwa na kugonga bori kwenye kisigino cha kiatu ili majivu yatoke. Yachokoe kwa kijiti, uyamwage.

Usivute kwa njaa. Jasho la baridi, mate kujaa, kichwa kuzunguka: hiyo ni nikotini. Weka kiko chini, kaa, kunywa kitu cha sukari, na usirudie siku hiyo.

Kiko cha braya kikiwa kipya, jaza nusu tu kwa mara tano au sita za mwanzo, ili chini kupate moto wa taratibu. Utaona ukoko mweusi ukijijenga ndani, kama ule wa sufuria. Ukoko huo ni ngao ya mti, uache ufike unene wa milimita moja au moja na nusu. Ukizidi ukwangue kwa kisu butu, kwa kuzungusha, kwani ukoko mnene hupanuka kwa joto kuliko mti na kuipasua bori. Baada ya kila kuvuta pitisha kijiti, kisha kipumzishe kiko siku nzima mdomo wa bori ukiangalia juu na shilamu imechomekwa. Kiko kinachovutwa asubuhi na jioni kila siku hakikauki, na kisichokauka kitalia hata kama fundi alikitoboa sawasawa. Mvutaji wa kila siku anahitaji viwili, na hapo ndipo bei ya gunzi inapopendeza tena.

Nimeacha aina moja kwa makusudi, kwa sababu makala yenu iliitaja kuwa ya Uturuki peke yake. Ni mirshamu, jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani walilipa jina lenye maana ya povu la bahari, na wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Kweli lile la Eskişehir, huko Uturuki, ndilo maarufu. Lakini Sinya, upande wetu wa mpaka na Kenya, karibu na Amboseli, mirshamu ilichimbwa, na Arusha palikuwa na kiwanda, Tanganyika Meerschaum Corporation, kilichouza nje viko vyenye nembo ya tembo na jina la Kiswahili, Kiko. Mirshamu ya Sinya ni nzito na ngumu kuliko ya Uturuki, hainywi maji sana, na mara nyingi ilipakwa rangi ya kahawia au nyeusi, au bori ikavishwa ngozi.

Viko hivyo bado hujitokeza katika mnada wa vitu vya zamani, na bei yake mara nyingi haitishi. Ukikipata, vipimo ni vile vile, ila mambo mawili yanageuka. Ukoko usiuache ujijenge hata kidogo: futa bori kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, maana jiwe halinyumbuki kama mti na ukoko ukipanuka utalichana. Na ngozi ya nje usiiloweshe ukidhani unaisafisha, kwani itanywea, mshono ufunguke. Kagua ufa kwa kukipeleka karibu na taa na kuzungusha polepole, hasa pale digali linapoungana na bori. Ufa wa mirshamu ni mwembamba kama unywele na kwa kidole hausikiki.

Fundi wa viko,
Arusha